Barua kwa rafiki aliyekabidhiwa ulinzi wa hospitali

Ndugu yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako na kwa wote walio nyumbani. Barua yako nimeipata, ingawa habari za uteuzi wako zilinifikia mapema zaidi. Katika kazi yetu hii cheo cha mtu husikika kabla yeye mwenyewe hajakabidhiwa ofisi. Hongera sana. Hospitali ya serikali si lindo dogo, na anayekwambia umepelekwa huko kupumzika hajawahi kukesha kwenye mlango wa dharura.

Umeniuliza uombe askari wangapi, silaha ngapi, na kama uanze na ukuta au kamera. Nitakujibu, ila la silaha nitalichelewesha makusudi.

Wewe umekulia kituo cha polisi. Kituoni anayeletwa mbele yako ni mtuhumiwa, mlalamikaji au shahidi. Hospitalini utakutana na mwingine ambaye mafunzo yetu hayakumtaja: anayefanya fujo kwa sababu anaumwa. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imeshuka hutokwa jasho, huyumba, huropoka, na ukimshika anaweza kukurushia ngumi. Askari mwenye haraka atasema huyo ni mlevi, amtie pingu, na mtu akafia kwenye benchi huku dawa yake iko hatua chache tu. Aliyeumia kichwa hutukana watu ambao siku nyingine angewaamkia. Mzee mwenye homa kali anaweza kuzinduka usiku akaamini kwamba muuguzi ni mwizi. Kwa hiyo amri yako ya kwanza iwe hii: asiyeshika silaha aonwe na mtabibu kabla ya kuonwa na sheria. Iandike, isaini, ibandike kila lindo.

Na inapobidi mgonjwa ashikwe, muuguzi au daktari ndiye aongoze. Askari wako ni mikono tu. Najua hili litawauma baadhi yao, hasa wenye vyeo begani. Wavumilie, lakini usilegeze. Mtu asilazwe kifudifudi huku askari wamemkalia mgongoni. Kifua kikibanwa namna hiyo pumzi hukatika, na purukushani zinazofuata ni za mtu anayetafuta hewa, ilhali askari hudhani anazidisha ubishi, wakamkandamiza zaidi. Katika kila kundi mteue mmoja asishike chochote, kazi yake iwe kutazama uso na pumzi za mgonjwa na kupaza sauti akiona mambo yanaharibika.

Wengi wa watakaokusumbua lakini si wagonjwa wa namna hiyo. Ni ndugu wa mgonjwa. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya asilimia 8 na 38 ya wahudumu wa afya hukumbwa na kipigo au shambulio la mwili wakati fulani katika maisha yao ya kazi, na hapo matusi na vitisho hayajahesabiwa. Wanaofanya hivyo, mara nyingi, ni wagonjwa wenyewe na watu waliowasindikiza. Ukichunguza kitabu chako cha matukio utaona fujo haziji ovyo. Zinakuja watu wanapokaa muda mrefu bila kuambiwa kitu. Mama amemleta mwanawe, anaona aliyefika baada yake anaingizwa kwanza, hakuna aliyemweleza kwamba yule hali yake ni mbaya zaidi. Hapo hata mpole atapiga mlango teke. Kwa hiyo ukiniuliza uanze na ukuta au kamera, nakujibu: anza na mtu wa kuzungumza na foleni. Mlango wa dharura usimpe askari mwenye kifua kipana kuliko wote. Mpe mwenye ulimi mzuri, anayejua kuketi chini akamsikiliza mzazi, kisha akaenda kumuuliza muuguzi na kurudi na jibu. Kurudi ndiko muhimu. Askari anayesema "ngoja kidogo" akatoweka huleta ugomvi kuliko asiyesema lolote.

Taarifa ya msiba nayo ina utaratibu wake. Mwombe daktari akutaarifu kabla hajaiambia familia kubwa kwamba mgonjwa wao amefariki, ili askari wawili wawe karibu, ila wasionekane kama wamekuja kukamata. Na mahali pa kulilia pawepo. Familia ikiangulia kilio katikati ya korido huku watu wakiwasukuma "pisheni machela", umeshatengeneza tukio.

Sasa silaha. Sitakwambia uzikatae zote, maana pana hospitali ambazo magenge hufuata majeruhi mpaka kitandani kummalizia. Ninachosema ni kwamba bunduki isizoee wodi. Ibaki kwa wachache, mahali palipokubaliwa, na askari wa nje wanaokuja na mahabusu au kumhoji majeruhi wajue utaratibu wako tangu getini. Kuna chumba kimoja ambacho hakina mjadala kabisa, nacho ni cha MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu. Sumaku yake haizimwi picha zinapokwisha. Inavuta mchana na usiku, hata pakiwa kimya na giza. Mwaka 2018 huko Mumbai mtu alifariki baada ya kuingia na mtungi wa oksijeni, sumaku ikamvuta yeye na mtungi. Mwaka 2023 huko São Paulo mwanamume aliyemsindikiza mama yake alikuwa na bastola kiunoni. Ikavutwa, ikafyatuka, akafa. Sasa fikiria askari wako wa zamu ya usiku amesikia kelele upande huo, anakimbia kuingia na pingu, redio na bastola. Wapeleke wote wakaelekezwe na mtaalamu wa mionzi, mmoja mmoja, na wapya kabla hawajapewa lindo.

Sikiliza na hili, maana watu wa kazi yetu hawapendi kulisikia. Agosti 2024 daktari kijana aliyekuwa mafunzoni alibakwa na kuuawa ndani ya hospitali ya serikali ya R.G. Kar mjini Kolkata, akiwa amejipumzisha katika ukumbi wa semina wakati wa zamu yake. Aliyetiwa hatiani Januari 2025 hakuwa mwizi aliyeruka ukuta. Alikuwa msaidizi wa kiraia wa polisi, mtu aliyezoeleka kuingia na kutoka. Madaktari wa India waligoma, na Mahakama ya Juu ya nchi ikaagiza kikosi cha serikali kuu kipelekwe kulinda hospitali hiyo. Mimi niliposoma habari ile sikufikiria kamera. Nilifikiria ni nani katika watu wangu anayepita kila mahali kwa sababu tu ana sare. Basi chunguza vitambulisho vya watu wako kwanza, kabla ya vya wageni. Kila mtu afike pale kazi yake inapomfikisha, basi. Waulize wauguzi wa kike wanapumzika wapi usiku, choo kiko umbali gani, taa ipi imekufa. Waulize bila mkuu wao wa kiume kusimama pembeni, na uwe na askari wa kike wa kutosha, maana pana mambo hutaambiwa wewe.

Stoo ya dawa za kulevya za tiba, morfini na wenzake, iwe na funguo mbili mikononi mwa watu wawili, wala askari wako asiwe mmojawapo. Ataiona kama dharau. Mweleze kwamba unamkinga yeye.

Wodi ya wazazi: mwizi wa mtoto haji na kisu. Anakuja na koti jeupe na maneno laini, "nampeleka mtoto kupimwa". Mama aambiwe tangu anapolazwa kwamba mtoto hatoki bila kulinganishwa namba ya mkononi mwake na ya mguuni mwa mtoto, na kwamba ana haki ya kukataa hata akiwa anamkatalia daktari.

Mahabusu wanaolazwa ni mgogoro wa kudumu baina yako na magereza. Makubalianeni kwa maandishi nani anamlinda, nani anabadilisha zamu, nani anajibu akitoroka. Lakini pingu kwa mwanamke anayejifungua usiziruhusu kabisa. Kanuni za Mandela za namna ya kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinakataza, wakati wa uchungu, wa kuzaa na mara tu baada ya kuzaa. Afande mgeni akikubishia, mpe nakala asome mwenyewe.

Milango nayo. Sisi tumefundishwa kufunga, na hospitali inapoungua kufunga ndiko kunakoua. Katika moto wa hospitali ya AMRI, Kolkata hiyohiyo, Desemba 2011, walikufa karibu watu 90, wengi wakiwa wagonjwa waliokabwa na moshi. Kaa na watu wa zimamoto uwaoneshe kila kufuli ulilonalo, na kila anayeshika lindo ajue ufunguo uko wapi gizani. Zoezi la kuwahamisha wagonjwa wasioweza kutembea lifanyeni usiku pia, watu wanapokuwa wachache.

Kuhusu idadi ya askari: usiombe namba kabla hujazunguka zamu zote, hasa ile ya alfajiri ambapo macho ya mlinzi yanakuwa mazito. Walinzi wa kampuni binafsi nao usiwaache pembeni kama watoto wa kambo. Mshahara wao mdogo, saa zao nyingi, na wao ndio wanaopokea matusi ya kwanza getini. Wote, wa serikali na wa kampuni, wadai chanjo ya homa ya ini B. Watabeba watu wanaovuja damu, watapekua mifuko yenye sindano, na kila mahali nilipopita orodha ya chanjo ilianza kwa madaktari ikaishia kwa wauguzi. Pigana nayo mpaka dozi zote 3 zikamilike. Halafu askari aliyemshuhudia mtoto akikata roho asipangiwe lindo lilelile siku ya pili kana kwamba hakuna kilichotokea. Zungumza naye. Hawaji wenyewe, unawajua askari.

Mbwa uliowataja wabaki uani na kwenye maegesho.

Nitumie ramani ya majengo na orodha ya malindo yako ya sasa, hata kama umechora kwa mkono. Weka alama panapoingia magari ya wagonjwa, palipo na jenereta na mitungi ya oksijeni, na mochwari, kwa sababu nyuma ya mochwari ndipo wengi husahau kuweka mtu. Mganga mfawidhi msalimie. Nimesikia ni mkali, na mtu wa namna hiyo utamhitaji siku ya kudai zile chanjo.

Wako akupendaye,
Rafiki yako wa depo