Watoto wa Dodoma watembee kwenda shule, tuwalinde njiani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu wa Jiji la Dodoma, pamoja na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa mwaka 2016, magari yameongezeka sana katika maeneo kama Ilazo, Kisasa na Nkuhungu, na wazazi wengi sasa tunawapeleka watoto shule kwa gari hata pale ambapo mtoto angefika kwa miguu katika dakika kumi na tano. Tunafanya hivyo kwa kuhofia barabara, ilhali magari yetu yanayogeuza na kurudi nyuma langoni ndiyo yanayowahatarisha wanaofika kwa miguu, ambao katika shule za Serikali ndio wengi. Wasio na gari hukodi bodaboda, na si ajabu kuona watoto watatu wamepakiwa mshikaki bila kofia ngumu hata moja.

Napendekeza watoto watembee kwa misafara, kama wafanyavyo wanafunzi wa shule nyingi za msingi huko Japani. Wazazi wa mtaa mmoja wapeane zamu, mtu mzima mmoja atangulie na mwingine afunge msafara, wote wamevaa vizibao vya kuakisi mwanga, kwa kuwa jua la Dodoma huchomoza kama robo saa baada ya lile la Dar es Salaam na mwezi Julai saa kumi na mbili asubuhi bado ni giza. Kati ya Desemba na Aprili, korongo likijaa maji, mtu mzima ndiye aamue kuzunguka. Uamuzi huo asiachiwe mtoto wa darasa la pili. Zamu hizi zisiwe mzigo wa akina mama peke yao, kwa maana akina baba nao hutoka nyumbani saa hizo hizo.

Hata hivyo, msafara hauzuii gari linalokwenda kasi. Sheria yetu inaruhusu kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na gari la mwendo huo hugonga kwa nishati inayokaribia mara tatu ya lile la kilomita 30. Mbele ya shule mwendo uwe 30, tena kwa matuta, kwa sababu kibao peke yake hakimpunguzi dereva mwenye haraka. Kazi hii haihitaji mabilioni: mradi wa SARSAI wa shirika la Amend uliweka matuta, vivuko na njia za miguu kwenye shule za Dar es Salaam, na mwaka 2019 ukapata tuzo ya kimataifa ya WRI Ross, inayotolewa kwa miradi inayoboresha miji.

Naomba basi, kabla shule hazijafunguliwa Januari, kila kamati ya shule na mwenyekiti wa mtaa watembee njia za wanafunzi pamoja na mhandisi wa TARURA, wakianzia kwenye barabara zilizowekwa lami karibuni, maana huko ndiko magari yalikoongeza mwendo.

Mzazi,
Ilazo, Dodoma