Moshi wa sigara hupita juu ya ukuta

Mhariri,

Wazazi wa nyumba za kupanga wakilalamika kuwa moshi wa sigara wa jirani unaingia chumba cha mtoto mchanga, jibu wanalopewa karibu kila mara ni hili: fungeni dirisha. Kwa nyumba nyingi za Dar es Salaam ushauri huo hausaidii, na sababu iko darini, au tuseme pale ambapo dari lingekuwepo.

Ichukue nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati, ile iliyojaa Temeke, Buguruni na kwingineko. Kuta zake za ndani huishia kwenye lenta, ule mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha. Juu ya hapo ni kenchi na bati tu. Mtu akivuta chumbani kwake, moshi wenye joto hupanda, hutanda chini ya bati, kisha hupoa na kushuka katika vyumba vyote. Ninyi mmefunga mlango, mmefunga dirisha, na mtoto anauvuta vilevile. Wavu wa mbu nao haufui dafu: tundu lake ni kama milimita moja, yaani mikroni elfu, wakati chembe nyingi za moshi wa sigara hazifiki hata mikroni moja. Mtoto mchanga hupumua mara 30 hadi 60 kwa dakika, mtu mzima 12 hadi 20. Moshi huu unaongeza hatari ya maambukizi ya kifua na ya masikio, na hatari ya mtoto kufariki ghafla usingizini.

Kabla ya kununua chochote, tafuta njia moshi unamopita. Kata karatasi laini ya chooni, upana wa kidole na urefu wa kiganja, uishike kwa ncha moja. Saa ambazo jirani huvuta, iweke chini ya mlango, kwenye tundu la bomba, kwenye soketi (usiiingize ndani), pembeni mwa fremu ya dirisha, na kwa ngazi, juu ya ukuta. Ikiinamia ndani ya chumba, hapo ndipo. Soketi hushangaza wengi: fundi akiziweka mbili mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja, kunabaki tundu linalotoka chumba hadi chumba.

Matundu madogo huzibwa kwa silikoni ya mrija. Yanayozidi upana wa kidole yanataka saruji na mchanga, moja kwa nne. Pembeni mwa soketi zima umeme kwanza. Chini ya mlango pigilia mkanda wa mpira unaogusa sakafu. Taulo lililokunjwa linafaa kwa usiku mmoja, baadaye watu huchoka kulirudisha.

Juu ya ukuta ndiyo kazi yenyewe. Kuinua kuta zote hadi kwenye bati ni jukumu la mwenye nyumba, lakini chumba kimoja cha mtoto kinaweza kuwekewa dari peke yake. Chumba cha mita 3 kwa 3.5 kina mita za mraba 10.5. Ubao wa jipsamu wa mita 1.2 kwa 2.4 hufunika 2.88, kwa hiyo ni mbao nne, na ya tano kwa ajili ya vipande vitakavyoharibika. Kinachoharibu kazi ni maungio na kingo. Fundi akiacha ufa wa milimita tano kuzunguka chumba kizima, moshi utashuka hapo kama kawaida, kwa hiyo mwambie aweke utepe na unga wa jipsamu kila kiungo, azibe kingo zote, na azibe pia tundu la waya wa taa. Kitenge au shuka iliyotandazwa juu huzuia vumbi la bati, haizuii moshi.

Feni nayo huwekwa kinyume. Wengi huweka feni ya kutoa hewa dirishani ili "moshi utoke". Inachofanya ni kunyonya hewa ya chumba, na nafasi yake inajazwa na hewa ya korido na ya kwa jirani kupitia kila ufa. Iwekwe dirisha la upande wenye hewa safi, ipulize kuelekea ndani, pengo linaloizunguka lizibwe kwa ubao. Hapo hewa ndiyo inayosukumwa kutoka chumbani kwenda nje. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani huzungusha hewa ileile ya chumba, na chujio lake ni la vumbi.

Mashine ya kusafisha hewa inafaa ikiwa na chujio la HEPA, yaani lile linalonasa chembe ndogo sana. Chumba hicho chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 28, na ili hewa ibadilishwe mara tano kwa saa unahitaji mashine ya mita za ujazo 140 hivi kwa saa. Epuka zinazotoa ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Na bila dari, mashine itakuwa inasafisha nyumba nzima bila kumaliza.

Waliopo ghorofani, kama harufu inatokea bafuni, angalieni mtego wa maji sakafuni, yaani mkunjo wa bomba ambao maji yake huzuia hewa ya bombani. Ukikauka, bomba linaleta hewa ya nyumba nyingine. Lita moja ya maji kila wiki inatosha. Udi, ubani na dawa ya mbu ya kuchoma haviondoi moshi wa sigara. Vinaongeza wa kwao.

Tahadhari moja: chumba kilichozibwa hakiingizwi jiko la mkaa, hata la kupasha maji ya mtoto. Gesi yake haina harufu na inaua.

Jirani aendewe mchana, akiwa hajawasha. "Baba Asha, shikamoo. Mtoto analala chumba hiki. Tunaomba ukivuta usivutie chumbani wala koridoni, usogee upande ule wa ua." Usimwombe aache sigara, mwombe mahali. Kwa Dar es Salaam mchana, kusi ikivuma na kaskazi ikivuma, upepo hutoka upande wa mashariki, hivyo upande wa magharibi wa nyumba ndio salama. Usiku upepo wa nchi kavu huweza kuugeuza, na hapo dawa ni umbali tu. Jirani akitaka kumshika mtoto, kwanza aoshe mikono na kubadili shati.

Akikataa kusogea, sheria haitawasaidia sana: Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya 2003 inahusu zaidi maeneo ya umma. Njia ya karibu ni mwenye nyumba, kisha mjumbe na serikali ya mtaa. Mkataba wa pango ukiandikwa upya, kiingizwe kifungu cha kutovuta ndani na koridoni.

Na wenye nyumba, siku mnayoezua bati kuukuu ndiyo siku ya kumalizia kuta. Juu ya lenta kuko wazi, fundi yuko tayari, na kozi (safu) chache za tofali za inchi tano hazitachelewesha kazi.

Fundi ujenzi na muuguzi wa kliniki ya watoto,
Temeke, Dar es Salaam