Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kalamu ya Wino Mkononi mwa Mtoto

Ndugu wanachama, walimu wenzangu, wazazi na walezi wa Ilemela na Nyamagana, nanyi mliovuka maji jana kutoka Ukerewe ili muwe nasi asubuhi hii: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote karibuni sana.

Mwaka jana katika ukumbi huu huu mlinikabidhi kazi yenye ubishi. Mliazimia chama chetu kizishawishi shule za msingi za mkoa wetu zirudishe kalamu ya wino katika kufundisha mwandiko. Nikisema kalamu ya wino nina maana ya ile yenye nibu, yaani ncha ya chuma yenye mpasuko katikati, na hifadhi ya wino tumboni mwake, si peni ya kawaida ambayo watu huiita kalamu ya wino ili kuitofautisha na penseli. Hoja ile niliitoa mimi, na niliitetea kwa nguvu kuliko mtu yeyote aliyekuwepo. Kwa hiyo naona ni haki yenu nianze na hapo. Ada na mahudhurio nitayagusa baadaye, na si kwa urefu.

Nimebadilika nusu. Bado naamini mtoto wa Mwanza anastahili kushika kalamu hii katika maisha yake ya shule na kufundishwa kuitumia vizuri. Siamini tena kwamba tuipeleke darasani kwa kila mtoto, na leo nitawaomba mlibadili azimio langu mwenyewe.

Darasa letu la Jumamosi lilianza Februari, katika chumba tulichoazimwa na shule moja ya Ilemela. Tulikuwa na kalamu 12 na watoto wa kuanzia Darasa la Nne hadi la Sita, wakipokezana. Jumamosi ya kwanza nilikaa karibu na binti mmoja wa Darasa la Tano, mpole, ambaye mama yake alikuwa amesema tu kwamba "mkono wake unachoka upesi." Nikamwomba daftari lake la Sayansi. Nikageuza ukurasa na kupitisha kidole mgongoni mwake: kila herufi ilikuwa imechomoza upande wa pili, unaweza kuisoma ukiwa umefumba macho. Nikafunua kurasa tatu zaidi na bado alama za maneno ya juu zilionekana. Kidole chake cha kati kilikuwa na sugu. Alipoandika aya moja mbele yangu aliweka peni chini, akaukung'uta mkono kama mtu aliyeshika sufuria ya moto.

Yule mtoto hakuwa na kosa. Peni aliyoizoea ina kigololi mdomoni, na wino wake ni mzito, una asili ya mafuta. Kigololi kisipobanwa kwenye karatasi hakizunguki, na kisipozunguka wino hautoki. Mhungari László Bíró alipata hataza ya kalamu ya namna hiyo mwaka 1938, na kuanzia 1950 Mfaransa Marcel Bich akaifanya iwe ya bei ambayo hata mtoto wa mvuvi anaimudu. Sitaisema vibaya kalamu hiyo. Ndiyo iliyonifikisha mimi chuo cha ualimu. Ila inamzoesha mtoto kukandamiza, na mtoto anayekandamiza tangu Darasa la Tatu hafiki mwisho wa insha mkono ukiwa mzima.

Kalamu ya wino haitaki nguvu. Wino wake ni wa maji, nao unashuka katika mpasuko wa nibu kwa namna ile ile chai inavyopanda ndani ya andazi ukilichovya ncha tu. Nibu ikigusa karatasi, inatosha. Ukiikandamiza, meno yake mawili yanaachana na mstari mmoja unakuwa miwili, na ukizidi, nibu inapinda. Nimefundisha miaka mingi nikirudia "legeza mkono, legeza mkono," na watoto wakaitikia "ndiyo mwalimu" huku wamekaza vidole mpaka kucha zinageuka nyeupe. Binti yule alipinda nibu moja Jumamosi ya kwanza. Ya pili alikwaruza. Jumamosi ya nne aliandika "Mwaloni" kwa herufi za kuunganisha, toka M hadi i, bila kuinua mkono, na nilichokisikia ni ule mchakacho mwembamba wa nibu kwenye karatasi. Alisimama kidogo, akalitazama neno lake, kisha akaliandika tena bila kuambiwa.

Hayo ndiyo niliyoyatarajia, na yalitokea. Sasa niwaeleze yale ambayo sikuyatarajia.

Mnalijua daftari la kawaida la mwanafunzi, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tuliandika humo kwa kalamu ya wino, na wino ukatambaa. Kila mstari uliota vinyweleo kama mzizi uliong'olewa, herufi a ikaziba tumbo, na upande wa pili wa karatasi ukawa na madoa ambayo huwezi kuandika juu yake. Sababu yake ni rahisi. Karatasi nzuri ya kuandikia hutiwa kiwandani dawa ya kuziba vinyweleo vyake, kama wanga au gundi, ili wino ukae juu na ukauke pale pale. Karatasi ya bei nafuu hutiwa kidogo, kwa hiyo inaunywa wino kama mchanga wa ufukweni unavyokunywa maji. Tulinunua madaftari ya aina mbalimbali mjini na kulijaribu kila moja kwa mstari mmoja na tone moja. Karatasi ya rimu, ile ya kuchapia, ilivumilia kuliko madaftari mengi. Basi tukawa tunaichora mistari kwa rula, ukurasa baada ya ukurasa, na namshukuru kwa dhati Mama Mhazini ambaye amechora mingi kuliko sisi wote.

Hapo hoja yangu ya mwaka jana ilivunjika mguu. Tukimwambia mzazi mwenye watoto wanne kwamba kuanzia sasa kila daftari litaandikwa upande mmoja tu, tumemwambia anunue madaftari mara mbili. Yupo kati yetu mzazi ambaye Januari hununua madaftari kwa awamu, mawili wiki hii, mawili wiki ijayo dagaa wakiuzika. Sina ujasiri wa kumpelekea habari hiyo, wala sidhani kama ni haki.

Kisha kuna shati. Mwezi wa Aprili mama mmoja alikuja kutoka Igoma na shati jeupe la shule amelikunja ndani ya mfuko. Alilitandaza mezani. Doa lilianzia mfukoni likashuka mpaka kwenye pindo, jeusi. Akaniambia, "Mwalimu, nimelifua kwa sabuni, nimelisugua kwa limao, nimelianika juani siku mbili. Jumatatu atavaa nini?" Sikuwa na jibu. Kosa lilikuwa langu: niliwachagulia watoto wino mweusi wa kudumu kwa sababu unapendeza, badala ya ule wa buluu wa wanafunzi unaotoka kwa maji. Na hakuna aliyewafundisha kwamba kalamu ya wino husafiri ikiwa imefunikwa na nibu ikitazama juu. Kwenye daladala iliyojaa, ndani ya begi lenye joto, hewa iliyomo kwenye kalamu inatanuka na kuusukuma wino nje. Chama kililinunua shati jingine. Tangu siku hiyo kalamu hazitoki chumbani.

Jambo jingine linanigusa mimi binafsi, na mtaniwia radhi nikikaa hapo kidogo. Mimi nilizaliwa natumia mkono wa kushoto. Katika shule yangu ya kwanza mkono huo ulifungwa kwa kitambaa kwenye ubao wa dawati mpaka nikajifunza wa kulia. Nilijifunza, na mwandiko wangu ukawa kama mnavyouona kwenye barua za chama: unasomeka, lakini hauna raha. Basi alipokuja kijana wa Mabatini anayeandika kwa kushoto, na Jumamosi ya kwanza ubavu wote wa kiganja chake ukawa buluu kwa kupita juu ya wino mbichi, mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza kwa nia njema kwamba huyu tumrudishie penseli, au tumzoeshe mkono wa pili. Nilikataa, na nilikataa kwa ukali ambao nimeshamwomba mwenzangu radhi.

Tulimgeuzia karatasi. Anayeandika kwa kulia huinamisha kichwa cha karatasi kushoto, na wa kushoto anatakiwa ainamishe kulia, kisha aushushe mkono uwe chini ya mstari, si juu yake kama aliyekumbatia bakuli. Tukampa na kipande cha karatasi ya kukaushia. Ilimchukua muda mrefu kuliko wenzake. Lakini Julai kiganja chake kilikuwa safi, akakiinua juu kutuonyesha kabla ya kutuonyesha alichoandika. Naomba iingie kwenye kumbukumbu za mkutano huu kwamba katika darasa la chama hiki hakuna mtoto atakayebadilishwa mkono.

Najua watakaosema Ulaya wanafanya. Ni kweli. Ufaransa ilizikataa kalamu za kigololi shuleni mpaka mwaka 1965 ndipo ikaziruhusu. Ujerumani hadi leo watoto wengi huanza na penseli kisha hupewa kalamu ya wino, na viwanda kama Pelikan na Lamy hutengeneza za wanafunzi zenye mshiko uliochongwa kuonyesha mahali pa kila kidole. Mbili kati ya zile zetu ni za namna hiyo, na ni kweli zinasaidia. Lakini madaftari yao yanastahimili wino, na mwalimu wao haangalii darasa kama la kwetu, ambako watoto kuzidi 100 katika chumba kimoja si habari mpya. Mwalimu wa kwetu ana KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ya kufundisha. Nani atamwonyesha mtoto wa 87 jinsi ya kujaza wino?

Wazee wetu hapa wanakumbuka madawati yenye tundu la kidau, na kalamu za kuchovya, na kiranja akipita na chupa ya wino asubuhi. Mwandiko wa zama zile tunausifu, nami nausifu. Nimeanza tu kujiuliza swali ambalo zamani sikujiuliza: barua tulizozihifadhi kwenye masanduku ni za akina nani? Ni za waliofaulu. Waliochapwa kwa sababu ya tone la wino wakaacha shule hawakutuachia barua.

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akisema Mwenyekiti ameona mwandiko hauna maana. Tangu Mtihani wa Darasa la Saba ulipoingia kwenye fomu za kusomwa na mashine mwaka 2012, nimewaona watoto wakifanyishwa mazoezi ya kuweka kivuli kwa penseli kwa bidii kuliko mazoezi ya kuandika aya. Wanafika sekondari hawawezi kuandika ukurasa mmoja bila kupumzika. Hilo ni tatizo la kweli, na ndilo tulilounda chama hiki kulishughulikia.

Mwaka huu pia tulimzika Katibu wetu wa kwanza. Vitabu vyote vya mihutasari tangu siku ya kuanzishwa aliviandika yeye, kwa kalamu yake ya wino, na hakuna neno moja humo ambalo mtu anahitaji kulikisia. Tutasimama dakika moja kabla ya chai. Familia yake imetuachia ile kalamu.

Kuhusu fedha, Mhazini atawasomea hesabu kamili. Mimi niseme tu kwamba fungu kubwa limekwenda kwenye karatasi, si kwenye kalamu, na hilo lenyewe linatuonyesha tatizo liko wapi. Katriji, vile vibomba vya wino vinavyokaa ndani ya kalamu, hatununui tena: tunazijaza upya kwa bomba la sindano la duka la dawa, na chupa moja ya wino inakwenda mbali. Nibu zilizopinda zilinyooshwa na fundi saa wa Makoroboi kwa koleo lake dogo, na hakutudai zaidi ya nauli. Mahudhurio yalishuka miezi ya mvua, yakapanda.

Kamati inaleta mbele yenu azimio jipya badala ya lile la mwaka jana. Tuache kuziomba shule ziingize kalamu ya wino darasani. Darasa la Jumamosi liendelee, kwa watoto wa kuanzia Darasa la Tano ambao penseli wameshaizoea, kwa kalamu na karatasi za chama, bila mzazi kununua chochote. Lifunguliwe la pili Nansio, kwa sababu wanachama wa Ukerewe wameshapata chumba na mwalimu. Na badala ya kwenda kwa walimu wakuu kuzungumzia kalamu, twende tukazungumzie madaftari: tuombe kamati za shule zinaponunua kwa jumla zilijaribu daftari kwa tone la wino kabla ya kulipa, maana karatasi inayovumilia wino haichaniki hovyo hata kwa penseli na kifutio. Ni jaribio la dakika moja, na chupa ya wino tutakwenda nayo sisi.

Kura itapigwa baada ya chai. Daftari la Sayansi la yule binti liko mezani kwa Katibu, kwa ruhusa yake na ya mama yake, likiwa limefunguliwa kwenye ukurasa wa Februari, na kando yake liko la sasa, la Oktoba. Yote mawili ameyaandika kwa peni ya kawaida. Naomba kila mmoja wenu apite hapo, ageuze ukurasa, apitishe kidole mgongoni mwa karatasi.

Mwenyekiti