Kikao cha Jumamosi: majimbo na haki za raia

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi tunaanza serikali za majimbo ya Marekani. Tafadhali njooni mkiwa mmeshasoma Marekebisho ya 10 ya Katiba na fungu la kwanza la Marekebisho ya 14. Ni mafupi.

Muundo wenyewe tutaupitia haraka: gavana, bunge, mahakama. Bunge huwa na mabaraza mawili, isipokuwa Nebraska yenye moja.

Muda mwingi uende kwenye Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu ilikuwa imeamua kwamba Tamko la Haki (marekebisho kumi ya kwanza ya Katiba) linaibana serikali ya shirikisho tu, si majimbo. Marekebisho ya 14 ndiyo yaliyokuja kubadilisha hilo. Ndipo mniangalizie kesi ya Clarence Gideon, mshtakiwa wa jinai huko Florida. Hakuwa na pesa, akaomba wakili, akajibiwa kwamba Florida humpa asiyejiweza wakili katika kesi za adhabu ya kifo tu. Akajitetea mwenyewe, akafungwa. Gerezani akaiandikia Mahakama ya Juu ombi lake kwa penseli, na mwaka 1963 majaji wake wote tisa wakampa haki: kwa Marekebisho ya 14, majimbo nayo lazima yampe wakili mshtakiwa wa kosa kubwa asiyejiweza. Kesi iliporudiwa, safari hii akiwa na wakili, aliachiwa huru. Kesi hii inanigusa kweli, jamani.

Nani ataisimulia? Ajitaje hapa kabla ya Ijumaa.