Mnapanga ya 2050, wa leo wako foleni

Mhariri,

Miaka mingi nasoma gazeti lenu bila kuandika neno, ila ile ripoti ya kwamba wazee wataielemea serikali ifikapo 2050 imenitoa kimya. Wataalamu wamepigwa picha wanatabasamu mbele ya grafu, na sisi tumetajwa humo kama mafuriko yanayotabiriwa.

Kinachonikera ni huko kushtuka. Atakayetimiza miaka 60 mwaka 2050 alizaliwa 1990. Hajajificha, yuko kazini sasa hivi, na yaelekea anafanya kibarua kisicho na mkataba wala makato ya pensheni, maana Shirika la Kazi Duniani lilishasema mwaka 2018 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wenye kazi duniani wako kwenye ajira isiyo rasmi. Ufaransa ilipata zaidi ya miaka 100 ya kujipanga wakati wenye umri wa miaka 65 na kuendelea wakipanda kutoka asilimia 7 hadi 14 ya watu wake. Japani ilifika hapo kwa miaka isiyozidi 25. Wanaofuata wasitegemee muda wa Ufaransa.

Sasa niwape yaliyonikuta, maana kwenye grafu hayamo. Nimestaafu kazi ya uashi serikalini. Juzi tuliitwa kuhakikiwa kwa alama za vidole, asiyefika pensheni isimamishwe. Nikaweka dole gumba, mashine ikakataa. La kushoto, ikakataa. Saruji imekula vidole hivi, mistari yote imefutika. Kijana wa dirishani akaniambia, "Mzee, kapake mafuta ujaribu tena." Nikapaka, nikafuta, nikabonyeza mpaka ukucha ukawa mweupe. Mwishowe akataka nilete barua ya kuthibitisha kwamba niko hai. Nimesimama mbele yake, namjibu! Na ningekuwa nimekufa, hiyo barua ningeileta vipi? Mikono iliyowajengea maofisi ndiyo mashine yao haiitambui, halafu watu hao hao wanatuambia wanajua tutaishije miongo ijayo.

Na hili la kusogeza umri wa kustaafu! Ufaransa ilipitisha mwaka 2023 kutoka 62 hadi 64, watu wakajaa barabarani, na naona wataalamu wa ripoti yenu nao wanalitamani. Lakini fungua ukurasa wenu wa nafasi za kazi, Mhariri: "umri usizidi miaka 35." Mtu wa miaka 45 hatakiwi, halafu aambiwe asistaafu mpaka 67. Hiyo kazi ataifanyia wapi? Na hela ya matangazo hayo mnaipokea nyinyi.

Pendekezo langu: posho za kamati zote zinazopanga uzee wa taifa zilipwe kwa mashine ile ile ya vidole, baada ya kila mjumbe kuchanganya zege kwa mikono mitupu, Jumatatu hadi Ijumaa. Atakayekataliwa alete barua. Mwenye kuisaini ni ofisa mmoja tu, naye yuko kwenye semina ya mpango wa 2050.

Mwashi mstaafu