Difu ya mlima au difu ya mwendo? Piga hesabu hii kabla hujanunua

Swali linaloingia sana kwenye simu yetu hapa Tabata ni fupi: "Bosi, mna difu ya mlima?" Anamaanisha giya za ekseli ya nyuma zenye namba kubwa, za kupandia milima; zenye namba ndogo ndiyo difu ya mwendo. Mara nyingi anayeuliza kanunua hosi (kichwa cha kuvuta tela) iliyotoka Uingereza, kaifunga tela, kaituma Tunduma, na dereva karudi na malalamiko. Gari zito. Klachi ilinuka mlima Kitonga. Kuna mtu keshamwambia akifunga difu ya 4.11 mambo yatanyooka, kwa hiyo sasa anatafuta bei tu.

Bei hatumpi kwanza. Tunamuuliza giaboksi yake inaishia na namba gani na tairi zake ni saizi gani. Wengine hukereka kidogo, maana wao wameulizia difu na sisi tunawaletea habari za tairi. Lakini namba ya difu ikisimama peke yake haikuambii gari litakwendaje.

Difu ya 3.08 maana yake propela, ile shafti inayotoka giaboksi kwenda difu, inazunguka mara 3.08 ndipo tairi lizunguke mara moja. Ukihesabu meno ya difu utakuta krauni, lile gurudumu kubwa, 37, na pinioni, lile dogo, 12. Gawanya upate hiyo namba. Namba ikipanda, tairi linasukuma kwa nguvu zaidi ila mwendo unapungua. Ikishuka, injini inatulia barabarani. Hayo kila dereva anayajua. Kinachosahaulika ni kwamba kabla ya difu kuna giaboksi, nayo ina namba zake.

Chukua AS Tronic ya ZF yenye giya 12, ile inayokuja kwenye DAF XF nyingi na kwenye baadhi ya MAN na Iveco. Kwa macho utadhani ni giaboksi moja, kumbe ziko za namna mbili. Kibati cha ya kwanza kinasomeka 15.86–1.00, yaani giya ya kwanza ni 15.86 na ya mwisho ni moja kwa moja. Cha pili kinasomeka 12.33–0.78, na hapo giya ya mwisho ni ovadraivu, yaani propela inazunguka haraka kuliko injini. Sasa funga ile ya kwanza kwenye gari lenye difu ya 2.69, na ya pili kwenye gari lenye 3.46. Zidisha namba ya giya kwa namba ya difu. Giya ya mwisho, magari yote mawili yanatoa kama 2.70. Giya ya kwanza, yote mawili yanatoa kama 42.7. Difu zimepishana sana kwenye karatasi, ila barabarani hayo magari yanakwenda sawa kabisa. Mwenye 3.46 hana "difu ya mlima" kumzidi mwenzake.

Balaa linaanza giaboksi inapokufa na mwenye gari anapoletewa nyingine ya mtumba bila mtu kusoma kibati. Boliti zinaingia, gari linawaka, watu wanapeana mikono. Ukiweka ya 0.78 kwenye gari la difu 2.69, giya ya kwanza inashuka hadi 33 badala ya 42.7, na klachi inaungua kila unapoondoka na mzigo. Juu nako, kwenye kilomita 80 kwa saa, injini inataka kuzunguka mara 840 tu kwa dakika, kwa hiyo giya ya 12 haitumiki tena. Tumepokea magari ya hivi ambayo yameshabadilishiwa klachi, yakabadilishiwa turbo, na sasa mwenyewe anataka difu. Difu haina kosa lolote.

Hesabu ya kukaa nayo kichwani ni hii. Tairi la 315/80R22.5, gari likiwa kilomita 80, linazunguka mara kama 400 kwa dakika. Zidisha 400 kwa namba ya difu, kisha kwa giya ya mwisho, utapata mizunguko ya injini. Difu 3.08 na giya ya 1.00 ni kama 1,230. Difu 4.11 ni kama 1,640. Difu 4.8, ambayo utaikuta kwenye baadhi ya mashine za Kichina, ni 1,920 kama giaboksi haina ovadraivu. Tumetumia kilomita 80 kwa sababu sheria yetu hairuhusu gari la zaidi ya kilo 3,500 kuzidi hapo, na wenye tochi wanajua hivyo kuliko wewe. Injini nyingi za lita 12 na 13 zinazotoka Ulaya zinatoa torki (nguvu ya kuzungusha) yake yote kati ya mizunguko 1,000 na 1,400 hivi. Ukitembea na 1,640 kutwa nzima kutoka Chalinze hadi Mikumi, unachoma mafuta kulipia mizunguko usiyoihitaji.

Tairi nalo limo kwenye hesabu. Ukitoa 315/80R22.5 ukavalisha 12.00R20 tairi linakuwa kubwa kidogo, kama asilimia 4, na mizunguko ya injini inapungua; ukivalisha 295/80R22.5 linakuwa dogo kwa kama asilimia 3, na mizunguko inaongezeka. Ni kama umegusa difu bila kufungua hata nati moja.

Turudi Kitonga, maana ndiko hoja zote huishia. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito inakupa tani 8 kwenye ekseli ya usukani, 18 kwenye ekseli mbili za nyuma za hosi, 24 kwenye ekseli tatu za tela. Jumla 50. Weka gari hilo kwenye mlima wa asilimia 8 likiwa na nguvu farasi 420. Ukitoa zinazopotea njiani kabla ya kufika kwenye tairi, na ukihesabu uzito unaorudisha gari nyuma pamoja na ugumu wa tairi kuviringika, gari litapanda kwa kilomita 23 kwa saa hivi. Ukiwa na difu ya 3.08 utapanda 23. Ukiwa na 4.11 utapanda 23. Nguvu ni ya injini. Difu haina nguvu yake, inagawa ile iliyopewa. Tofauti ni kwamba mwenye 3.08 atakuwa giya moja chini ya mwenzake. Giaboksi yako ina giya 12 au 16. Hiyo moja unayo, tena unazo kadhaa za akiba.

Kwa hiyo mtu anapotuambia gari lake halipandi, tunaanza na turbo, chujio za dizeli, nozeli, bomba za hewa zinazovuja. Mara nyingi shida inaishia hapo, na mteja anarudi na pesa ya difu mfukoni. Kibiashara hatufurahi sana, lakini ndivyo ilivyo.

Difu inasema kweli sehemu tatu. Ya kwanza ni kuondoka na kurudi rivasi ukiwa na mzigo: ukizidisha giya ya kwanza kwa difu ukapata chini ya 40 kwa tani 50, jiandae kununua klachi. Ya pili ni mizunguko kwenye mwendo wa safari, tumeshaisema. Ya tatu watu hawaifikirii, nayo ni kushuka. Retada, breki ya kusaidia iliyofungwa nyuma ya giaboksi, inabana propela, na nguvu yake inazidishwa na difu kabla haijafika kwenye tairi. Difu ya 3.42 inaifanya retada hiyohiyo ibane karibu theluthi moja zaidi ya difu ya 2.59. Breki ya egzosi nayo inataka injini izunguke kwa kasi ndiyo ishike vizuri. Gari lenye difu ya mwendo lazima liingizwe giya ya chini zaidi kabla mteremko haujaanza, sio katikati. Dereva aliyezoea gari lingine akipewa hilo bila kuambiwa, atashuka Kitonga au Iwambi kwa breki za miguu peke yake, na sote tunajua breki za miguu zinavyokuwa zikishapata moto. Kuhusu wanaoachia nyutro kuokoa mafuta, hatuna la kuwaambia ila kwamba injini za kisasa ukiondoa mguu kwenye akselereta huku giya imo, dizeli inakatwa kabisa. Kwenye nyutro ndiko inakochoma.

Sasa hizi hosi za Uingereza. Tunazipenda kwa sababu usukani uko kulia kama kwetu, lakini zilitengenezwa kwa kazi nyingine: tani 44 mwisho, barabara kuu za lami nzuri, na nyingi ni singo difu (ekseli moja tu ya nyuma inavuta) yenye ekseli ya kuinua. Difu zake huwa 2.5 hadi 2.9. Kwa lami ya Dar hadi Dodoma zinafanya kazi vizuri na zinakula mafuta kidogo. Ukizipeleka kupakia machimboni, au shamba la magogo Mafinga wakati wa mvua, zinakwama, na hapo tena namba ya difu haihusiki. Karibu nusu ya uzito wa nyuma umekaa kwenye ekseli isiyovuta. Kinachotakiwa ni dabo difu, yaani ekseli mbili za nyuma zinazovuta. Ukiuliza sisi tungechukua nini kwa safari za Tunduma, Ndola, Lubumbashi zenye tani 50, jibu letu ni dabo difu, nguvu farasi 420 kwenda juu, na jumla ya difu ukizidisha na giya ya mwisho iwe kati ya 2.9 na 3.4. Zenye meno ya ziada ndani ya habu tungewaachia wa tipa na kokoto. Zinavumilia shida, ila ni nzito, zina oili nyingi za kutazama, na kwenye safari ndefu zinapata joto.

Ukishakuwa na dabo difu kuna jambo moja tunaomba ulisimamie mwenyewe. Difu ya kati ikifa, usikubali kufungiwa kichwa cha difu cha gari lingine bila kuhakikisha namba yake inalingana na ya nyuma. Moja ikiwa 3.08 na nyingine 3.42, difu ndogo inayogawa nguvu kati ya ekseli hizo mbili haitapumzika hata kwenye barabara iliyonyooka. Itachemka, itakula oili, na siku dereva akibonyeza loki kwenye matope kitu kitavunjika. Na krauni na pinioni huja jozi. Zimesagwa pamoja kiwandani. Anayekuuzia pinioni peke yake ya mtumba anakuuzia mlio.

Kuhusu giaboksi, mabishano ya manyuo na otomatiki hayaishi kijiweni. Tuseme hivi: hizi nyingi zinazoitwa otomatiki ni manyuo yenye kompyuta na mikono ya hewa. Klachi imo ndani, ileile ya kusagika. Foleni ya Barabara ya Mandela kuelekea bandarini inaziua haraka kuliko Kitonga, kwa sababu dereva anasogea nusu mita, anasimama, anasogea tena, na kila mara klachi inateleza. Acha nafasi mbele, ingia giya ya kwanza, tembea taratibu bila kusimama. Na usishikilie gari mlimani kwa akselereta. Mwenye magari mengi na fundi mwenye mashine ya kusoma hitilafu achukue otomatiki. Inalinda injini dhidi ya madereva wa kila aina. Mwenye gari moja au mawili, ambaye likiharibika Ruaha Mbuyuni atamtegemea fundi wa palepale, bado tunamshauri manyuo ya giya 12, 14 au 16. Sensa moja ya shaft ikifa, otomatiki inalala hapo hadi mtu atoke Dar na kompyuta.

Wanaobeba makontena kutoka bandarini hadi Kurasini au bandari kavu za jirani wasijisumbue na difu ya mwendo, giya ya mwisho hawaifikii. 3.7 hadi 4.1 inawatosha. Wenye bredauni, magari ya kuvuta yaliyoharibika, ndio kabisa: wanataka namba kubwa na giaboksi yenye sehemu ya kufunga PTO (kifaa cha kuchukua nguvu ya injini) ya winchi, mwendo si kazi yao. Ila hao tuna ombi kwao, na kwa yeyote atakayevutwa nao. Kabla ya kuvuta lori ambalo tairi zake za nyuma zinagusa chini, chomoeni propela au shafti za ekseli. Injini ikiwa imezimwa, giaboksi nyingi kubwa hazisukumi oili, huku shafti ya nyuma inazunguka kavu. Gari linavutwa kutoka Chalinze likiwa na injini mbovu, linafika Ubungo likiwa na giaboksi mbovu pia.

Ukitaka tukushauri, tutumie WhatsApp picha ya kibati cha giaboksi, picha ya ubavu wa tairi la nyuma, na picha ya saa ya mizunguko ya injini gari likiwa kilomita 80 giya ya mwisho. Picha apige turniboi, sio dereva. Kama kibati kimefutika na gari ni singo difu, unaweza kuhesabu mwenyewe: fungua tela, weka vizuizi kwenye tairi za mbele, inua upande mmoja wa nyuma na uweke stendi, giya iwe nyutro, piga alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha hilo tairi mizunguko miwili kamili huku mwenzako anahesabu propela. Ikizunguka mara tatu na kidogo, una 3.08 au jirani yake. Ikikaribia tatu na nusu, una 3.42 au 3.46, na hapo ni kufungua kifuniko kusoma meno. Dabo difu usihangaike nalo barabarani, lilete.