Kwa mpwa wangu: usifunge uzi kabla hujaupinda ufito

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimefurahi mno kusikia ufito, yaani mwili wa fimbo usio na pete bado, umefika Singida salama, na kwamba umeamua kujitengenezea mwenyewe fimbo ya kuvulia kwa nzi wa bandia. Umeniuliza pete, zile zinazopitisha mshipi na kufungwa kwenye ufito kwa uzi, ziwe ngapi na kila moja ikae wapi. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu vijana wa huku Dodoma wanaokwenda Hombolo na Mtera kutafuta perege wananiuliza hilohilo.

Lile jedwali la vipimo ulilonitumia si baya, ila lilipimwa kwa ufito mwingine. Anzia hapo, halafu ufito wako ndio uamue.

Kwanza idadi. Mafundi wengi huweka pete moja kwa kila futi, wakaongeza moja, bila kuhesabu ile ya nchani kabisa. Ufito wako ni wa futi 9, yaani sentimita 274, kwa hiyo ni pete 10 na ya nchani. Najua utatamani kupunguza, maana pete ni ghali na zinaagizwa mbali. Usipunguze. Katika uvuvi huu nzi hana uzito wa kumpeleka popote. Anayembeba ni mshipi, ambao wenyewe ni mnene na mzito. Pete zikiwa chache, mshipi unalegea kati ya pete na pete, unaupigapiga ufito, na nguvu uliyorushia inapotea njiani. Zikizidi, ncha inakuwa nzito na inachelewa kunyooka. Hata epoksi, ile gundi inayopakwa juu ya uzi wa pete, ikizidi karibu na ncha utaihisi mkononi.

Ndiyo maana kwa sehemu kubwa ya ufito nakushauri zile pete za waya uliopindwa, zenye miguu miwili. Ni nyepesi, na zikigongwa ndani ya basi unaweza kuzinyoosha kwa vidole. Za mguu mmoja zinatumia uzi kidogo zaidi, lakini zikivutwa vibaya huchomoka kwenye uzi, na safari zetu ni za barabara ndefu. Pete ya kwanza juu ya mpini ndiyo pekee ninayotaka uigharamie: iwe na duara la kauri ndani, kipenyo cha milimita 10 au 12, kwa sababu hapo mshipi unasuguliwa kila unapouvuta kwa mkono wa kushoto. Zile za juu zisiwe nyembamba kupita kiasi. Fundo linalounganisha mshipi na uzi mwembamba wa mbele unaofungwa nzi lazima lipite bila kukwama, la sivyo litakwama samaki akiwa miguuni pako.

Sasa nafasi. Ile ya kwanza juu ya mpini iwe kama sentimita 75 kutoka kitakoni mwa fimbo, mahali mkono wako unapofika bila kujinyoosha. Kutoka nchani, pete ya kwanza ikae sentimita 12 au 13, kisha kila nafasi izidi kidogo ile iliyotangulia, mpaka ile ya mwisho karibu na mpini ifike kama 28. Ncha ndiyo inayopinda zaidi, kwa hiyo huko pete zinasogeleana.

Zishike kwa vipande vyembamba vya plasta, usifunge uzi bado. Pitisha mshipi kwenye pete zote, funga kitako cha fimbo mezani, kisha ning'iniza chupa ya maji kwenye mshipi mpaka ufito upinde vizuri, pete zikitazama chini. Simama ubavuni, uangalie polepole. Mshipi unatakiwa ufuate mpindo wa ufito kwa vikona vidogo vinavyofanana. Ukiona mahali mshipi umekata moja kwa moja na kuuacha ufito mbali, pete mbili za hapo zimeachana mno. Zisogeze, uangalie tena. Sogeza nusu sentimita tu kila mara. Kazi hii inaweza kula jioni nzima na hakuna jioni itakayokuwa na faida kuliko hiyo. Ikitokea pete imeangukia kwenye maungio ya vipande, isogeze pembeni, na maungio yenyewe uyazungushie uzi hata kama hayana pete, maana hapo ndipo ufito hupasuka.

Kabla ya kufunga, shika kila mguu wa pete, upitishe ukucha chini yake. Ukikwaruza, kuna kingo inayoweza kuuma ufito. Ichonge kwa tupa ndogo, na ncha ya mguu uifanye nyembamba kama ulimi wa ndege, ili uzi upande kutoka kwenye ufito bila kuacha pengo. Malizia kwa msasa laini. Pete ya nchani ibandike kwa gundi ya kuyeyusha kwa moto, usitumie epoksi, ili siku ikivunjika uipashe moto na kuitoa.

Epoksi yenyewe ipake alfajiri, upepo wa Singida haujaanza kuleta vumbi. Nyunyiza maji sakafuni kwanza, funga madirisha, changanya kiasi kidogo kwa vipimo sawasawa kama kopo linavyosema, na uwe unauzungusha ufito mpaka isitiririke tena.

Lakini hayo ya uzi na epoksi yasubiri. Nipigie picha ya ufito ukiwa umepinda na chupa yake, uipige kutoka ubavuni, na uniandikie umbali wa kila pete kutoka nchani. Nitakujibu siku hiyohiyo.

Msalimie dada yangu.

Mjomba wako,
Dodoma